Mkulima mdogo akope wapi: benki, ushirika, kikundi, mnunuzi wa mazao au simu

Shamba humeza fedha kwa miezi kadhaa bila kurudisha chochote, kisha hurudisha zote ndani ya wiki chache. Mbegu na mbolea hununuliwa mvua zinapokaribia, vibarua wa palizi hulipwa wiki kadhaa baadaye, viuatilifu hufuata, na katika muda wote huo mkulima wa nafaka hana cha kuuza. Mwenye duka anaweza kurejesha mkopo kila wiki kwa sababu anauza kila siku; mkulima hawezi, hata kama faida yake ya mwisho wa msimu ingekuwa kubwa kuliko ya mwenye duka. Kwa sababu hiyo ulinganisho huu hauanzi na riba, ingawa riba ndiyo inayoulizwa kwanza. Unaanza na maswali mawili: marejesho yanaanza lini, na mavuno yakiharibika hasara inamwangukia nani? Riba ni swali la tatu, nalo linahitaji kuhesabiwa upya na mkopaji mwenyewe, kwa kuwa namna inavyotajwa mara nyingi huficha ukubwa wake.

Kuweka gharama kwenye mizani moja

Tuchukue mkopo wa 1,200, kwa sarafu yoyote, unaolipwa kwa awamu 12 za kila mwezi, na riba iliyotangazwa ni asilimia 2 kwa mwezi. Ikiwa riba hiyo inakokotolewa juu ya salio linalopungua, mkopaji anayerejesha 100 za mkopo wenyewe kila mwezi atakuwa amelipa riba ya 156 mkopo utakapoisha. Ikiwa inakokotolewa juu ya kiasi cha awali hadi mwisho, yaani hata juu ya sehemu ambayo amekwisha kuirejesha, atalipa 288. Tangazo ni lile lile, lakini mkopo wa pili kwa kweli ni mkopo wa karibu asilimia 3.5 kwa mwezi. Anayelipa mara moja baada ya kuuza mavuno hasumbuliwi na tofauti hii, kwa sababu salio lake halipungui mpaka siku ya mwisho: miezi sita kwa asilimia 2 ni riba ya 144 kwa hesabu zote mbili, mradi riba yenyewe haitozwi riba.

Kinachomsumbua huyu wa malipo ya mara moja ni makato ya mwanzo. Mkopeshaji akishikilia asilimia 20 kama akiba ya lazima, mkopaji anaondoka na 960 mkononi lakini analipa riba ya 1,200; akija kurudishiwa akiba yake, zile 144 zimekuwa asilimia 15 ya fedha alizozitumia, si 12. Ongeza ada ya maombi, bima ya mkopo, ada ya kuthaminisha dhamana, na nauli za kwenda mjini mara tatu au nne pamoja na siku za kazi zilizopotea. Kwa mkopo mdogo, nauli na siku hizo zinaweza kuizidi riba yenyewe, na hapa ndipo mkopo wa riba ndogo ulioko mbali unaposhindwa na mkopo wa riba kubwa ulioko jirani.

Benki: nafuu kwa anayefika mezani

Kwa riba peke yake benki hushinda karibu kila mara, na ndiyo inayoweza kukopesha kwa miaka mitatu au mitano. Tatizo ni kwamba mkulima mdogo kwa kawaida haambiwi kuwa mkopo ni ghali. Anaambiwa kuwa haupo. Kumchunguza mwombaji wa mkopo mdogo kunagharimu karibu sawa na kumchunguza wa mkopo mkubwa, shamba lake mara nyingi halina hatimiliki inayoweza kuwekwa rehani, na ukame unapokuja huwapiga wakopaji wote wa eneo moja kwa wakati mmoja. Kupandisha riba ili kufidia hatari hiyo hakusaidii sana. Mwaka 1981 wanauchumi Joseph Stiglitz na Andrew Weiss walieleza sababu: riba inapopanda, wakopaji waangalifu hujiondoa na wanaobaki ni wale walio tayari kubahatisha, hivyo benki huona ni heri kuwanyima baadhi ya waombaji kuliko kuwatoza wote zaidi.

Kuishusha riba kwa amri nako kuna gharama yake. Kenya iliweka ukomo wa riba mwaka 2016, usiozidi kiwango cha Benki Kuu kwa zaidi ya asilimia 4, na ikauondoa mwaka 2019 baada ya mabenki kujivuta mbali na wakopaji wadogo, ambao ndio waliokusudiwa kusaidiwa. Njia zilizofika mbali zaidi ni zile zilizobadilisha umbo la mkopo. Benki ya kilimo na vyama vya ushirika vya kilimo ya Thailand, iliyoanzishwa mwaka 1966, ilikubali wakulima wadhaminiane kwa vikundi badala ya kudai ardhi. India ilianzisha mwaka 1998 kadi ya mkopo ya mkulima, ambayo humpa ukomo wa kukopa kwa misimu kadhaa: anachukua anapopanda, anarejesha baada ya kuvuna, kisha anachukua tena bila kuanza maombi upya. Mahali ambapo benki inatoa mkopo wa namna hii, wenye marejesho yaliyofungwa na mavuno, sioni sababu ya mkulima anayestahili kwenda kwingine kwa ajili ya pembejeo.

Mahali ambapo haitoi, ningeiacha benki ibaki kwa ajili ya vitu vinavyodumu zaidi ya msimu mmoja: pampu ya umwagiliaji, ng'ombe wa maziwa, trekta dogo, ghala, au miche ya zao la kudumu ambalo litaanza kuzaa baada ya miaka kadhaa, endapo kuna muda wa neema wa kutosha kabla ya awamu ya kwanza. Kuweka ardhi rehani kwa ajili ya mbolea ni jambo ambalo sipendekezi. Faida ya mbolea huisha kwa msimu mmoja, ilhali ardhi ikinadiwa hairudi, na anayeishi kwa ardhi hiyo si yule aliyetia saini peke yake.

Ushirika na kikundi: fedha za wenyeji, hatari za wenyeji

Friedrich Wilhelm Raiffeisen alipounda chama chake cha mikopo vijijini huko Ujerumani mwaka 1864, hoja yake ilikuwa kwamba majirani wanajuana kuliko benki itakavyowahi kuwajua. Vyama vya ushirika vya akiba na mikopo vya leo vinafuata hoja hiyo hiyo: mwanachama ananunua hisa, anaweka akiba, kisha anakopa mafungu kadhaa ya akiba yake kwa kudhaminiwa na wanachama wenzake. Riba huwa ya wastani, na sehemu yake humrudia mwanachama kama gawio. Dhamana ni watu badala ya ardhi, jambo linalowafaa hasa wanawake na vijana wanaolima ardhi isiyoandikwa kwa majina yao.

Udhaifu wake mkubwa unatokana na nguvu yake ile ile. Wanachama wakiwa wote ni wakulima wa zao moja katika bonde moja, wote huhitaji mkopo katika mwezi mmoja, na foleni huwa ndefu kuliko mfuko. Anayepata fedha wiki tatu baada ya mvua kuanza amekwisha kupoteza sehemu ya mavuno ambayo mkopo ulikusudiwa kuyaongeza. Mavuno yakiharibika, wadhamini wa mkopaji nao wameharibikiwa. Chama chenye mchanganyiko wa wakulima, walimu, mafundi na wafanyabiashara hustahimili misukosuko vizuri zaidi kuliko chama cha wakulima watupu, hata kama hiki cha pili kinajiita cha wakulima na kinaonekana kuwa cha nyumbani zaidi. Kabla ya kununua hisa, inafaa kuuliza kama hesabu zimekaguliwa na kusomwa kwenye mkutano mkuu wa karibuni, mikopo chechefu, yaani isiyolipwa kwa wakati, ni sehemu gani ya mikopo yote, na viongozi wenyewe wanadaiwa kiasi gani. Chama kinachokwepa swali la mwisho kimekwisha kulijibu.

Kikundi cha kuweka na kukopa ni kitu tofauti, ingawa watu wengi huvichanganya. Muundo ulioenea zaidi ulianzishwa na shirika la CARE nchini Niger mwaka 1991 miongoni mwa wanawake: watu wasiozidi 30 hivi hukutana kila wiki, hununua hisa ndogo ndogo, fedha hukaa katika sanduku lenye kufuli tatu ambazo funguo zake zinashikwa na watu watatu, na baada ya mzunguko wa mwaka mmoja hivi kikundi huvunja na kugawana kila kitu. Riba ya ndani inaweza kuwa asilimia 5 au hata 10 kwa mwezi, na mgeni akisikia hushtuka, lakini riba hiyo hairudi kwa mwingine yeyote ila wanachama wenyewe siku ya kugawana.

Kwa mkulima, kasoro ya kikundi ni kwamba mkopo wake kwa kawaida hutakiwa kurejeshwa ndani ya miezi mitatu, nayo haitoshi kutoka kupanda hadi kuuza. Unafaa kulipia vibarua wa palizi mavuno yakiwa yamekaribia, au kuzuia dharura ya ugonjwa isile fedha za mbolea. Faida kubwa zaidi ya kikundi haiko kwenye mkopo kabisa. Kikundi kinachopanga siku ya kuvunja iangukie wiki mbili tatu kabla ya msimu wa kupanda kinawapa wanachama fedha taslimu wakati ule ule ambao wengine wanatafuta pa kukopa. Mkulima huyo ananunua mbegu bila deni, na mara nyingi kwa bei nafuu kwa kuwa amelipa papo hapo. Kubadili tarehe ya kuvunja hakugharimu chochote zaidi ya mjadala wa kikao kimoja.

Kati ya ushirika na benki kuna taasisi ndogo za fedha zinazokopesha kwa vikundi vya udhamini wa pamoja, kwa mfano uliotangazwa duniani na Muhammad Yunus wa Bangladesh, ambaye mradi wake wa mwaka 1976 uligeuka kuwa Benki ya Grameen mwaka 1983, na yeye na benki hiyo wakapata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2006. Marejesho ya kila wiki ndiyo nguzo ya mfano huo, na ndiyo yanayomfanya mkulima wa nafaka asiuweze. Anayekamua maziwa, anayeuza mayai au mboga za kila juma anaweza kuumudu vizuri. Wengine huishia kulipa awamu za mwanzo kwa kutumia sehemu ya mkopo wenyewe, yaani wanalipa riba kwa fedha ambazo hazikufika shambani. Utafiti uliofanywa mjini Kolkata kwa wafanyabiashara wadogo uliwapa baadhi yao miezi miwili ya neema kabla ya awamu ya kwanza: waliwekeza zaidi na faida yao ikawa kubwa zaidi, lakini waliochelewa au kushindwa kulipa nao wakaongezeka. Matokeo hayo yanaeleza kwa nini taasisi husitasita kutoa neema, na pia kwa nini mkopaji anapaswa kuidai.

Mnunuzi wa mazao: mkopo usiojiita mkopo

Kilimo cha mkataba kinahitaji kuangaliwa kwa makini kuliko vyanzo vingine vyote, kwa sababu ndicho kinachompa mkulima asiye na hati wala akiba pembejeo kamili, kwa wakati, pamoja na ushauri wa mtaalamu, na gharama yake haiandikwi mahali popote kama riba. Kampuni huleta mbegu, mbolea na viuatilifu mwanzoni mwa msimu, hununua mazao mwishoni, na kukata deni kabla ya kulipa. Kalenda yake inalingana na shamba moja kwa moja. Kwa swali la kwanza, la marejesho yanaanza lini, hakuna kinachoishinda.

Gharama yake mtu anaihesabu hivi. Tuseme pembejeo ambazo dukani zingenunuliwa kwa 300 taslimu zimeandikwa 345 kwenye mkataba, na zinalipwa baada ya miezi sita. Hiyo ni nyongeza ya 45, yaani asilimia 15, inayoonekana ya kawaida. Lakini mkulima anavuna magunia 20, mnunuzi wa mkataba analipa 40 kwa gunia, na sokoni siku hiyo gunia ni 45. Tofauti ni 100. Gharama halisi ya mkopo wa 300 imekuwa 145, sawa na asilimia 48 kwa miezi sita, au asilimia 8 kwa mwezi. Hesabu hiyo inaweza kugeuka pia: msimu ambao bei ya soko imeanguka hadi 36, mkataba wa 40 umempa mkulima 80 za ziada, na mkopo wake umekuwa bure na faida juu. Mkataba wenye bei iliyopangwa mapema ni mkopo na bima ya bei kwa pamoja, na haki yake inapimwa kwa misimu kadhaa, si kwa ule mmoja ambao jirani aliuza vizuri.

Mkopo huu hupatikana zaidi kwenye pamba, tumbaku, miwa na chai kuliko kwenye nafaka kwa sababu rahisi. Miwa haina pa kwenda ila kiwandani, na hivyo mwenye kiwanda ana uhakika wa kukata deni lake. Nafaka inauzika popote, usiku au mchana, na mkopeshaji anajua kwamba mkulima akipata bei nzuri pembeni atauza pembeni. Kwa hiyo mazao yanayopata mikopo hii kwa urahisi ndiyo yale ambayo mkulima ana wanunuzi wachache wa kuchagua. Anayeingia mkataba aingie akijua kuwa urahisi wa kukopa na ugumu wa kujadiliana bei vinatoka mahali pamoja.

Vipengele vinavyostahili kusomwa mara mbili ni vichache. Nani anapima uzito na kwa mizani ya nani. Nani anapanga madaraja ya ubora, na je, mkulima anaweza kuyapinga. Bei inatajwa kabla ya kupanda au baada ya kuvuna. Na deni likibaki, je, linahamia msimu ujao kwa riba? Kipengele hicho cha mwisho ndicho kinachoweza kumfunga mtu kwa mnunuzi mmoja mwaka hadi mwaka. Mkataba ambao mkulima hapewi nakala yake ungehesabiwa hapa kama haupo.

Kuna pia mashirika yanayotoa pembejeo kwa mkopo bila kununua mazao. One Acre Fund, lililoanza magharibi mwa Kenya mwaka 2006, hufikisha mbegu na mbolea karibu na vijiji na kumruhusu mkulima alipe kidogo kidogo kwa kiasi anachopata. Mpangilio huu unamwachia mkulima uhuru wa kuuza kwa amtakaye, na kwa mlima nafaka naona unapita mkataba wa mnunuzi, mradi riba iliyomo ndani ya bei imeelezwa wazi.

Simu na mkopeshaji wa mtaani

Mkopo wa simu unashinda wote kwa kasi na unashindwa na karibu wote kwa kila kitu kingine. M-Shwari, iliyoanza Kenya mwaka 2012, ilitoza ada ya asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30; mkulima anayeurudia mfululizo kwa miezi minne ya zao lake analipa asilimia 30, na kila siku ya 30 inamkuta bila mavuno. Unafaa kuziba pengo la siku kumi wakati malipo yanayojulikana yako njiani. Jina likipelekwa kwenye taasisi za taarifa za mikopo kwa deni dogo la simu, linaweza kumfungia mkulima mlango wa ule mkopo mkubwa wa pampu.

Mkopeshaji binafsi, ambaye mikopo yake watu wameipa jina la kausha damu, hahitaji maelezo marefu. Ila sura yake moja hujificha: mlanguzi anayenunua mazao yakiwa bado machanga shambani. Akilipa 20 kwa gunia litakalouzwa 40 baada ya miezi mitatu, amekopesha kwa asilimia 100 kwa miezi mitatu, na hakuna aliyetamka neno riba. Hata hivyo tusimhukumu kwa haraka anayekubali. Mara nyingi alichokuwa anakikosa ni fedha kidogo za hospitali ambazo kikundi chenye mfuko wa jamii, yaani fedha zilizotengwa kwa dharura za wanachama, kingempa siku ile ile.

Mvua ikikosa

Turudi kwenye mfano wa pembejeo za 345 za mkataba. Mwaka mzuri zinaongeza magunia 12 ya 40 kila moja, yaani 480, na mkulima anabaki na 135 kabla ya kulipa vibarua wa kuvuna. Mwaka mbaya zinaongeza magunia manne, 160, na kuna upungufu wa 185. Upungufu huo benki huutoza kwenye dhamana, ushirika huutoza kwa wadhamini, mnunuzi huusogeza msimu ujao, simu hulipeleka jina kwenye orodha, na kikundi hujadili kikaoni. Kwa mtu mwenye ng'ombe wawili na watoto shuleni, tofauti ya njia hizi ni kubwa kuliko tofauti ya asilimia mbili za riba.

Wengi hudhani kuwa bima ya mazao iliyofungwa na mkopo ni jibu. Katika jaribio lililofanywa nchini Malawi mwaka 2006, baadhi ya wakulima walipewa nafasi ya kukopa mbegu bora, na wengine mkopo ule ule pamoja na bima ya mvua waliyotakiwa kuilipia. Waliokubali mkopo wenye bima walikuwa wachache kuliko waliokubali usio na bima. Maelezo moja yanayoaminika ni kwamba mkopo usio na dhamana kubwa tayari ni bima ya aina yake, kwa kuwa mavuno yakipotea mkopeshaji hana mengi ya kuchukua, na hivyo bima humlinda mkopeshaji kwa fedha za mkopaji. Kwa hiyo: mkopo ukiwa na rehani ya mali, bima ina thamani kwa mkulima, ukiwa hauna, mkopeshaji ndiye anayepaswa kuchangia ada. Bima inayolipa kwa kipimo cha mvua cha kituo cha mbali inaweza pia kukataa kulipa wakati shamba la mtu limekauka, kwa sababu kituoni mvua ilinyesha.

Kusubiri msamaha wa serikali si mpango. India ilifuta madeni ya wakulima wenye hekta mbili au pungufu mwaka 2008, lakini msamaha wa namna hiyo huja kwa majira ya siasa, na aliyekopa kwa mlanguzi haumfikii. Linalofaa kutafutwa katika mkataba wowote ni kipengele cha kupanga upya marejesho endapo eneo limepatwa na ukame au mafuriko. Kama hakipo, kiombwe kabla ya kutia saini. Baada ya ukame hakiombeki tena.

Mkopo unaokuja baada ya mavuno

Chaguo moja husahaulika kwa sababu halinunui mbolea. Mkulima huuza wakati wa mavuno, bei ikiwa chini kabisa, kwa kuwa ada za shule na madeni vinamsubiri, kisha miezi mitano baadaye hununua nafaka ile ile kwa bei ya juu. Utafiti uliofanywa magharibi mwa Kenya na kuchapishwa mwaka 2019 uliwapa wakulima mkopo wakati wa mavuno ili wasilazimike kuuza. Wengi waliweka mahindi ghalani na kuuza baadaye, na mapato yao yakaongezeka.

Njia rasmi ya jambo hili ni stakabadhi ya ghala, ambayo Tanzania iliitungia sheria mwaka 2005 na Kenya mwaka 2019. Mkulima huweka mazao kwenye ghala lililoidhinishwa, hupewa stakabadhi, na stakabadhi hiyo huwa dhamana. Tuseme gunia ni 40 wakati wa mavuno na mkopeshaji anatoa 24. Kwa riba ya asilimia 2 kwa mwezi, miezi mitano inagharimu 2.4, na ghala likitoza 0.5 kwa mwezi ni 2.5. Bei ikifika 55, mkulima amebaki na 50.1, ikiishia 42 kwa sababu nafaka imeingizwa kutoka nje au mipaka imefungwa kwa wanaouza nje, amebaki na 37.1 na angefanya vyema kuuza mapema. Mstari wa kuvukwa ni 44.9. Hatari iliyopo ni ya bei tu, kwa maana mazao yamekwisha kupatikana, na kwa sababu hiyo naona huu ndio mkopo salama kuliko yote kwa mkulima anayekopa kwa mara ya kwanza. Ubaya wake ni kwamba magunia manne matano hayakubaliki katika maghala mengi, hivyo wakulima wadogo hulazimika kukusanya mazao kwa pamoja, na ubora wa gunia la mmoja unaweza kushusha daraja la wote.

Nani achague nini

Mkulima wa nafaka asiye na hati, aliye karibu na kikundi kinachoaminika, aanze na akiba inayovunjwa msimu wa kupanda, na achukue pembejeo za mkopo kwa kiasi kile tu ambacho akiba haikufikia, kutoka kwa mtoaji asiyemlazimisha kumuuzia. Mwenye maziwa au mboga anaweza kuchukua mkopo wa marejesho ya kila wiki bila hofu kubwa, akishahesabu riba kwa salio. Mkulima wa pamba au miwa kwa kweli hana chaguo pana. Nguvu zake zielekezwe kwenye mizani, madaraja na nakala ya mkataba, na azielekeze pamoja na wenzake. Anayetaka pampu aende benki au kwenye ushirika mkubwa, na aende na daftari la mauzo ya misimu miwili, kwa kuwa daftari hilo mara nyingi ndilo linalomfanya afisa mikopo aendelee kusikiliza.

Wapo pia ambao wasikope. Utafiti nchini Mali ulilinganisha vijiji vilivyopewa nafasi ya kukopa kwa marejesho ya mara moja baada ya mavuno na vijiji ambavyo havikupewa, kisha ukatoa fedha za bure kwa baadhi ya wakulima. Walioamua wenyewe kukopa walikuwa ndio ambao fedha ziliongeza mavuno yao vizuri. Wale ambao hawakukopa, walipopewa fedha za bure, hawakupata ongezeko kama hilo. Walikuwa wanalijua shamba lao. Kwa asiye na hakika yuko upande upi, kuna kipimo kisicho ghali: msimu wa kwanza achukue mkopo wa pembejeo za nusu ya shamba, nusu nyingine ailime kama alivyozoea, na wakati wa kuvuna ahesabu magunia ya kila upande kabla hayajachanganywa. Tofauti hiyo, ikizidishwa kwa bei aliyouzia yeye mwenyewe, ndiyo atakayoilinganisha na deni kabla ya kukopa kwa ajili ya shamba zima.